Kahawa, mawe ya figo, na swali ambalo ukurasa wa afya hauulizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili niseme neno kuhusu habari iliyotoka kwenye ukurasa wenu wa afya Jumamosi iliyopita, ile iliyotangaza kwa herufi kubwa kwamba kahawa inarefusha maisha. Habari hiyo ilisomwa kwa sauti kwenye baraza letu hapa Tanga, birika na vikombe vyenyewe vikiwa mbele yetu, na muuza kahawa akafurahi hata akatuongezea kashata bila malipo. Sina ugomvi na kahawa, wala na muuzaji wake. Ugomvi wangu ni na neno moja, "inarefusha", ambalo mwandishi wenu amelitwisha mzigo mzito kuliko uwezo wa utafiti alioutegemea.

Niseme kwanza ninaandika kama nani. Mimi ni mstaafu. Nilianza ujanani kwa kutembea nyumba kwa nyumba na madodoso ya watafiti, kisha nikatunza takwimu za hospitali mpaka nilipofikisha umri wa kupumzika. Si daktari, na sidai kuwa mtaalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyogawanyika katika jamii na kwa nini. Lakini mtu aliyejaza rejista kwa miaka mingi hujifunza kuishuku namba isiyosema ilikotoka.

Habari yenu haikutaja ni utafiti upi. Tafiti za namna hiyo ni nyingi, na mmoja mkubwa ulichapishwa Marekani mwaka 2012. Watu 402,260 wenye umri wa miaka 50 hadi 71 waliulizwa, katikati ya miaka ya 1990, wanakunywa vikombe vingapi kwa siku, kisha wakafuatiliwa mpaka mwaka 2008, na katika muda huo 52,515 kati yao walifariki. Watafiti walipolinganisha kwa kuzingatia umri peke yake, wanywaji wa kahawa walionekana kufa zaidi kuliko wasiokunywa. Walipozingatia pia uvutaji wa sigara na mambo mengine ya maisha yao, jibu likageuka: wanaume waliokunywa vikombe 6 au zaidi wakaonekana kuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 10, na wanawake kwa asilimia 15. Watu walikuwa wale wale, vifo vile vile, vikombe vile vile. Kilichobadilika ni kwamba katika hesabu ya kwanza sigara ilikuwa imejificha nyuma ya kikombe, kwa sababu wanywaji wakubwa wa kahawa walikuwa pia wavutaji wakubwa, na katika hesabu ya pili ilitolewa nje ikaonekana.

Jambo la namna hiyo, ambalo hufuatana na kile tunachokichunguza na papo hapo likawa na mkono wake katika ugonjwa au kifo tunachokihesabu, nitaliita katika barua hii kikanganyishi. Wengine watakuwa na neno jingine, nami sitagombana nao. Wazee walikwisha kuliona jambo lenyewe waliposema jogoo liwike lisiwike kutakucha. Ila jogoo ni rahisi, kwa sababu hakuna anayedhani kwamba ndiye anayeleta alfajiri. Shida huanza pale ambapo dai lenyewe lina sura ya kuaminika, kama hili la kahawa.

Na mtu asidhani kwamba sigara ikishatolewa basi kahawa imebaki peke yake uwanjani. Siku ile barazani, mzee mmoja ambaye huketi nasi kila jioni bila kushika kikombe aliuliza, "Na hao wasiokunywa, hawanywi kwa nini?" Yeye mwenyewe aliachishwa kahawa na daktari kwa ajili ya moyo wake. Karani wa utafiti akimpitia leo atamwandika katika kundi la wasiokunywa, na Mungu akimchukua mwakani, kifo chake kitahesabiwa dhidi ya kutokunywa kahawa, hali ugonjwa ulikuwapo kabla kikombe hakijawekwa chini. Watafiti wa Marekani waliliona hilo na wakajaribu kulishughulikia kwa kuwatoa kwenye hesabu watu waliokwisha kuwa na saratani, ugonjwa wa moyo au kiharusi tangu mwanzo. Hata hivyo wao wenyewe waliandika kwamba utafiti wao hauwezi kuonyesha kama ni kahawa iliyosababisha au ni kitu kingine kilichofuatana nayo. Tahadhari hiyo ndiyo inayopotea kila mara habari inaposafiri kutoka jarida la kitabibu hadi ukurasa wa gazeti.

Swali la mzee yule ndilo ninalotaka ukurasa wenu ulijifunze. Kabla hatujauliza tofauti kati ya makundi mawili ni kubwa kiasi gani, tuulize: aliyewagawa watu katika makundi hayo ni nani? Ni mazoea yao, mifuko yao, daktari wao, ugonjwa wao wenyewe, au ni kura, yaani bahati nasibu? Kila jibu lina uzito wake, na asilimia iliyochapishwa bila jibu hilo haina maana ninayoweza kuitegemea.

Nililijifunza hili kwa aibu kidogo. Katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, diwani mmoja alisimama kwenye kikao akiwa na karatasi ya vifo vya uzazi mkononi, akaonyesha kwamba hospitali yetu ilikuwa na vifo vingi kuliko vituo vya afya vyote vya jirani vikijumlishwa pamoja, ingawa wanawake waliojifungulia vituoni walikuwa wengi zaidi. Namba alizozisoma zilikuwa zangu. Mimi ndiye niliyezituma, nazo zilikuwa sahihi. Akahitimisha kwamba mama mjamzito anayependa uhai wake akae mbali na sisi. Sikuwa na la kujibu pale pale. Nilirudi nikakaa na rejista ya wodi ya wazazi kwa siku mbili, nikipitisha kidole kwenye safu inayoonyesha mgonjwa ametoka wapi, na jina baada ya jina katika waliofariki nikakuta neno lile lile, rufaa. Huyu aliletwa na kifafa cha mimba, huyu uchungu pingamizi tangu juzi yake, huyu alitoka kisiwani kwa mashua akiwa amepoteza damu nyingi. Wanawake waliojifungulia kituoni salama walikuwa, kwa sehemu kubwa, ni wale ambao mkunga wa kituo hakuona sababu ya kuwaandikia barua ya rufaa. Ugonjwa ndio uliowagawa, na barua ya mkunga ikathibitisha mgawanyo huo. Sisi tulihesabiwa dhambi ya kuwapokea.

Sikatai kwamba hospitali yetu ilikuwa na mapungufu. Ilikuwa nayo, na baadhi ya vifo vile vingeweza kuzuilika. Lakini karatasi ya diwani haikuweza kuonyesha hilo wala kulikanusha, na mimi niliyeiandaa nilikuwa nimetuma idadi ya vifo bila kutuma hali ambayo wagonjwa walifika nayo.

Kwa msomaji anayependa kuona hesabu kwa macho yake, upo mfano unaofahamika wa takwimu zilizochapishwa Uingereza mwaka 1986 kuhusu matibabu ya mawe ya figo. Wagonjwa 350 walitibiwa kwa upasuaji wa wazi na wengine 350 kwa njia mpya ya kupenyeza kifaa kupitia tundu dogo mgongoni. Upasuaji ulifanikiwa kwa 273, sawa na asilimia 78, na tundu dogo kwa 289, sawa na asilimia 83. Mtu angesema papo hapo kwamba tundu dogo limeshinda. Sasa watenganishe kwa ukubwa wa mawe. Wenye mawe madogo: upasuaji ulifaulu kwa 81 kati ya 87, yaani asilimia 93, na tundu dogo kwa 234 kati ya 270, asilimia 87. Wenye mawe makubwa: upasuaji 192 kati ya 263, asilimia 73, na tundu dogo 55 kati ya 80, asilimia 69. Upasuaji umeshinda kwa mawe madogo, umeshinda na kwa makubwa, lakini ukijumlisha umeshindwa. Hakuna mazingaombwe hapo. Waliopasuliwa wengi walikuwa na mawe makubwa, ambayo ni magumu kwa tiba yoyote, na waliopata tundu dogo wengi walikuwa na madogo. Nimewahi kuwawekea vijana wa takwimu jedwali hili mezani mara kadhaa, na kila mara yupo mmoja anayetoa kikokotoo chake akidhani nimemdanganya.

Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya kikanganyishi: wagawe watu kwa matabaka, kisha mlinganishe mwenye jiwe dogo na mwenye jiwe dogo, mvutaji na mvutaji, aliyekuja kwa rufaa na aliyekuja kwa rufaa. Ipo nyingine inayofanana nayo, ya kumtafutia kila mgonjwa mwenzake wa umri, jinsia na mtaa mmoja, na ipo ile ya kufanya marekebisho kwa mahesabu ya kompyuta, ambapo vikanganyishi kumi au ishirini vinaweza kuzingatiwa kwa mpigo mmoja. Zote zina udhaifu mmoja, nao ni kwamba huwezi kukirekebisha usichokipima, na ulichokipima vibaya utakirekebisha vibaya.

Hapa naomba nirudi kwenye siku zangu za madodoso. Watafiti walitaka kujua uwezo wa kila kaya, kwa kuwa umaskini ni kikanganyishi cha karibu kila kitu katika afya ya jamii. Mwenye uwezo ndiye anayenunua chandarua, ndiye anayefika kliniki mapema na ndiye ambaye watoto wake wanashiba, kwa hiyo ukiona watoto wanaolala ndani ya chandarua wanakufa kidogo hujui bado kama ni chandarua au ni mkoba wa baba yao. Basi tukapewa maswali ya kuuliza: paa ni la bati au la makuti, sakafu ni ya saruji au ya udongo, mnayo redio, mnayo baiskeli. Katika kijiji kimoja cha pwani niliandika nyumba mbili zinazotazamana. Ya kwanza ilikuwa na paa la bati na sakafu ya saruji. Aliishi humo mjane ambaye mumewe alimwachia nyumba na hakumwachia kingine, na siku niliyofika jiko lilikuwa baridi ingawa jua lilikuwa limekwisha pita utosini. Ya pili ilikuwa ya makuti, sakafu ya udongo, bila redio, na mwenye nyumba alikuwa na mashua mbili zenye mashine zikiwa zimefungwa ufukweni, ila dodoso halikuwa na swali la mashua. Nikaandika nilichoambiwa kuandika. Mjane akaingia kwenye kompyuta kama mwenye nacho, na mwenye mashua akaingia kama fukara. Ninaposoma leo kwamba utafiti "ulizingatia hali ya kiuchumi ya washiriki", siwezi kutomkumbuka mama yule na jiko lake.

Kwa chandarua, bahati njema, hatukuachwa tutegemee maswali yangu ya bati na makuti. Kilifi, nchini Kenya, vijiji viligawanywa kwa kura, vingine vikapewa vyandarua vyenye dawa na vingine vikasubiri, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba vifo vya watoto vilipungua kwa theluthi moja. Kura haijui nani ana mashua. Inawatawanya matajiri na maskini, wasafi na wachafu, wenye baba wakali na wenye baba wapole, pande zote mbili bila kuwauliza, na pamoja nao inavitawanya hata vikanganyishi ambavyo hakuna mtafiti aliyewahi kuviwazia. Hapo ndipo ulipo uwezo wake.

Mfano ambao ningependa kila Mtanzania anayesoma habari za afya aujue ulitokea Dar es Salaam. Mwaka 1994 watafiti waliokuwa Malawi walichapisha matokeo kuhusu akina mama 338 wenye virusi vya UKIMWI. Walipima vitamini A katika damu yao na kuangalia ni watoto wangapi waliambukizwa. Kwa akina mama wenye vitamini A kidogo kabisa, watoto asilimia 32 waliambukizwa. Kiwango kilivyopanda, maambukizi yakashuka ngazi kwa ngazi, mpaka kwa wenye vitamini A ya kutosha yakawa asilimia 7. Ngazi iliyonyooka namna hiyo humshawishi mtu yeyote. Vitamini A ni rahisi, inajulikana, haihitaji mashine, na dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijaanza kutolewa kwa mwananchi wa kawaida. Nani angesita kuigawa?

Watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard hawakuigawa hivi hivi, waliipigia kura. Kuanzia mwaka 1995 wanawake wajawazito zaidi ya 1,000 wenye virusi waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne: waliopata vitamini A, waliopata vitamini nyingine mchanganyiko, waliopata zote, na waliopata vidonge visivyo na vitamini hizo. Walipofuatilia watoto mpaka miezi 24, waliozaliwa na mama waliopewa vitamini A walikuwa wameambukizwa asilimia 34, na wale wa mama ambao hawakupewa asilimia 25. Kile kilichoonekana kuwa kinga kilikuwa kimeongeza maambukizi. Majaribio mengine ya kura, Malawi kwenyewe na Afrika Kusini, nayo hayakuiona ile kinga iliyotarajiwa.

Kwa nini ngazi ya Malawi ilinyooka vile? Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba ugonjwa wenyewe huishusha vitamini A katika damu. Mama ambaye virusi vimemlemea huwa na vitamini A kidogo, na mama huyo huyo ndiye aliye rahisi zaidi kumwambukiza mtoto, kwa sababu ya wingi wa virusi mwilini mwake. Upungufu ulikuwa dalili ya hali yake, kama mawingu kwa mvua, na kumpa vitamini ilikuwa ni kujaribu kuyafuta mawingu kwa fagio. Kule Malawi aliyewagawa akina mama ni ugonjwa. Dar es Salaam aliyewagawa ni kura, na majibu yakapishana.

Jaribio lile lile lilionyesha pia kwamba vitamini mchanganyiko, zile zisizo na vitamini A, zilipunguza vifo vya watoto walio tumboni kwa karibu asilimia 40, jambo ambalo lisingejulikana kwa uhakika kama watafiti wangeridhika na ngazi ya Malawi. Niongeze haraka, kabla mzazi hajaikunja barua hii na kwenda kugombana na muuguzi wa kliniki, kwamba matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ni suala jingine kabisa, na yanasimama juu ya majaribio yake ya kura.

Kwa upande wa pili, wapo wasomaji ambao wakisikia habari ya vikanganyishi hugeuka wakanushaji wa kila kitu, na kosa hilo si dogo kuliko lile la ukurasa wenu. Kwa miaka mingi ilionekana kwamba katika sehemu za Afrika ambako wanaume hutahiriwa, virusi vya UKIMWI vilikuwa vichache zaidi. Wenye shaka walikuwa na hoja nzito: wengi wa waliotahiriwa ni Waislamu, na Mwislamu anayeishika dini yake hanywi pombe, makabila yana mila tofauti za ndoa, huenda dini na mila ndizo zinazokinga. Hoja hiyo ilistahili kujibiwa kwa kura, na ilijibiwa. Kisumu, miongoni mwa vijana 2,784 wa jamii ambayo kwa desturi haitahiri, nusu walitahiriwa mara moja na nusu wakaombwa wasubiri miezi 24. Maambukizi mapya yalipungua kwa asilimia 53. Rakai nchini Uganda, kwa wanaume 4,996, na Orange Farm nchini Afrika Kusini kabla yao, majibu yalikuwa ya aina hiyo hiyo, na mwezi Machi mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, wakapendekeza huduma hiyo. Safari hii kikanganyishi kilishukiwa, kikatafutwa, na kikakutwa hakitoshi kueleza tofauti.

Kuna maswali ambayo kura haiwezi kuyagusa. Huwezi kuwapigia watu kura, hawa wavute sigara miaka 30 na wale wasivute. Makampuni ya tumbaku yalilijua hilo na yakajificha nyuma yake. Mtakwimu mkubwa wa Kiingereza, Ronald Fisher, ambaye ndiye hasa aliyeifundisha dunia kutumia kura katika majaribio ya mashamba, na ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji wa kiko na mshauri wa kulipwa wa watengeneza sigara, alidai katika miaka ya 1950 kwamba huenda ipo asili ya kurithi inayomfanya mtu apende kuvuta na papo hapo apate saratani ya mapafu. Ni hoja ya kikanganyishi, na kwa umbo lake haina kosa. Mwaka 1959 mtakwimu wa Marekani, Jerome Cornfield, na wenzake wakaijibu kwa hesabu badala ya kelele: ikiwa wavutaji wanapata saratani ya mapafu mara 9 zaidi, basi asili hiyo ya kurithi, ili iweze kueleza tofauti yote peke yake, ni lazima iwe imeenea kwa wavutaji angalau mara 9 kuliko kwa wasiovuta. Hakuna aliyeweza kuionyesha. Kwa hiyo ukubwa wa tofauti nao una kauli yake: kikanganyishi kidogo chaweza kuzaa asilimia 10 ya kahawa, lakini hakiwezi kuzaa mara 9 za sigara.

Na wakati mwingine maisha yenyewe hupiga kura bila kukusudia. John Snow, daktari wa London, aliitambua bahati ya namna hiyo mwaka 1854 wakati wa kipindupindu. Kampuni mbili za maji zilikuwa zimeshindania wateja mpaka mabomba yao yakapita katika mitaa ile ile, kwa tajiri na kwa maskini, na aliyekaa nyumba moja hakutofautiana na jirani yake ila kwa bomba. Kampuni moja ilikuwa imehamishia chanzo chake sehemu ya juu zaidi ya mto Thames, mbali na uchafu wa jiji, na nyingine ilikuwa ikivuta maji pale pale penye kinyesi cha London. Snow alipita akiuliza katika nyumba zenye marehemu maji yametoka kampuni gani. Nyumba zilizopata maji machafu zilikuwa na vifo 315 kwa kila nyumba 10,000, na zile nyingine 37. Hiyo ni miaka mingi kabla ya dunia kukubali kwamba kijidudu ndicho kinacholeta kipindupindu.

Bahati kama hiyo ipo hata katika damu yetu. Kilifi tena, mwaka 2011, watafiti walichapisha namna walivyotumia selimundu, hitilafu ya kurithi ya chembe nyekundu za damu, kuuliza kama malaria inawafungulia watoto mlango wa bakteria kuingia katika damu. Malaria na bakteria huandamana na umaskini wote wawili, kwa hiyo kuvilinganisha tu kusingetosha. Lakini mtoto aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu haugui ugonjwa wa selimundu, na amekingwa sana dhidi ya malaria kali. Na nani ameirithi na nani hakuirithi huamuliwa siku mimba inapotungwa, bila kutazama paa la nyumba. Watoto hao walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu kwa takriban theluthi moja tu ya kiwango cha wenzao, na kadiri malaria ilivyopungua Kilifi, maambukizi hayo nayo yakashuka.

Sasa nirejee kwenye gazeti lako, Ndugu Mhariri. Siombi mwandishi wa afya awe mtakwimu. Naomba kila habari inayosema kitu fulani kinakinga au kinaua iwe na sentensi mbili za ziada ambazo hazitakula nafasi ya tangazo lolote: ya kwanza, watu waligawanywaje, kwa kura au kwa maisha yao wenyewe; ya pili, ikiwa si kwa kura, watafiti walizingatia vikanganyishi gani na walivipima kwa njia gani. Kama mwandishi hakupata majibu hayo katika taarifa aliyotumiwa, aseme hakuyapata. Na kichwa cha habari kitumie "wanywaji wa kahawa walionekana kuishi zaidi" badala ya "kahawa inarefusha maisha". Ni maneno matatu zaidi tu, nimeyahesabu.

Kuhusu habari ya Jumamosi, ningeshukuru kama ukurasa huo ungeirudia wiki ijayo ukiutaja utafiti wenyewe, ili tuusome upya barazani. Mzee wetu asiyekunywa amekwisha kuanza kuitazama birika kwa jicho la huruma, na mkewe ameniomba nimwambie amsikilize daktari wake kwanza.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Karani mstaafu wa takwimu za hospitali,
Tanga